Kiti cha Nyuma cha Mwalimu Mdogo

Ukuta kati ya darasa langu na la Mwalimu Mdogo haufiki juu. Aliyeujenga aliishiwa matofali, au akili, sijui. Mtoto akipiga chafya kule, wangu huku wanamwambia pole. Kwa hiyo mtu asiniite mmbeya. Kama macho hayana pazia, masikio je?

Jina la Mwalimu Mdogo alipewa na wanafunzi, maana mwalimu mkubwa alikuwa amekaa nyuma yao: Mama Mlezi. Utaratibu wa shule yetu ni kwamba kila mwalimu mpya hupewa mwalimu mzoefu wa kumshika mkono. Utaratibu mzuri, sikatai. Mzoefu aingie mara mojamoja, asikilize, halafu wakae pembeni amwambie hapa umepatia, hapa umeteleza. Lakini Mama Mlezi, aliyekuwa anakaribia kustaafu na hana tena darasa lake, alibeba kiti, akakiweka nyuma, akakaa. Kila kipindi, kila siku ya Mungu.

"Sauti, mwanangu!" namsikia. "Hapo umewachanganya, rudia!"

Na watoto si wajinga. Mwalimu Mdogo akisema jambo, wote wanageuka nyuma. Mama Mlezi akiitikia kwa kichwa, wanaandika. Akikunja uso, kalamu zinabaki juu.

"Si umwambie tu?" nilimuuliza kijana siku moja, tukinywa chai chumba cha walimu.

"Nimwambie nini, dada? Yeye ndiye wa kumwambia mkuu kama naweza kusimama peke yangu. Asiposema, sithibitishwi. Nisipothibitishwa, sipewi nyumba ya shule." Akanionyesha picha kwenye simu: binti yake, mchanga, amefumba ngumi. Alizaliwa baba yake akiwa huku, na alikuwa hajambeba hata mara moja. Mkewe yuko kwa wazazi wake, kwa sababu kile chumba alichopanga kijana nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma si mahali pa kulaza kichanga. "Nikimuudhi huyu mama, mwanangu ataanza kutembea hanijui."

Iliniuma, jamani. Na linaloudhi zaidi, Mama Mlezi si mtu mbaya. Anamletea kijana ndizi. Akimwita mwanangu, anamaanisha. Angekuwa na roho mbaya, tungemsema tukapumua.

Basi muhula ukielekea ukingoni, wakafika kwenye eneo la mraba. Mwalimu Mdogo akauliza: kila upande ukiwa mara mbili, eneo linaongezeka mara ngapi?

"Mara nne," akajibu binti mmoja.

"Sawasawa."

"Si sawa!" ikatoka sauti ya nyuma. "Upande mara mbili, eneo mara mbili. Usiwapotoshe watoto wa watu, mwanangu."

Wanafunzi wangu wakaanza kuninong'oneza, "Mwalimu, Mama Mlezi amekosea!" Nikaweka kidole mdomoni. Kijana akikubali, watoto wanaondoka na uongo. Akikataa, kwaheri nyumba, kwaheri mke na mtoto.

Nikamsikia anajikohoza. "Tuhesabu," akasema. "Nachora mraba wa vyumba viwili kwa viwili. Viko vingapi?"

"Vinne!"

"Sasa huu ni wa vinne kwa vinne. Haya, kimoja kimoja."

Wakahesabu. Walipofika nane, ambalo ndilo jibu la Mama Mlezi, sauti zikasita. Kisha zikaendelea, na darasa langu nalo likadakia, sikulizuia. Kumi na sita ilipiga hadi bati la paa.

Mama Mlezi akacheka na kupiga makofi. "Hivyo ndivyo! Nilikuwa nampima kama atayumba. Mpongezeni mwalimu wenu!"

Kumpima wapi! Nilicheka mpaka nikashika meza. Lakini kijana alikuwa amevuka. Mapumziko akanijia mbio, "Dada, amesema atanisifia kwa mkuu!" Akampigia mkewe palepale, akamwambia aanze kufunga mizigo.

Kikao cha kufunga muhula, mkuu wa shule alisimama anatabasamu. Alisema hajapata kuona mwalimu mpya aliyeiva haraka namna ile. "Malezi mazuri hayakatishwi njiani," akasema. "Nimemwombea Mama Mlezi aongezewe mwaka kabla ya kustaafu, na ataendelea na kijana huyuhuyu. Kumthibitisha tutazungumza mwaka ukiisha."

Mama Mlezi akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Sikujua kama bado mnanihitaji," akasema.

Nani afungue mdomo baada ya hapo? Tukapiga makofi. Mwalimu Mdogo alipiga pia, huku macho yameganda mezani.

"Dada," akaninong'oneza, "nikikosea, ananisahihisha. Nikipatia, ni kazi yake. Nitokee wapi?"

Simu yake ilikuwa inaita mfukoni, akaiacha iite.

Muhula mpya ulipofunguliwa, Mama Mlezi alikuja na mto wa kukalia, kaushona mwenyewe. Kijana akamfungulia mlango, akampokea ule mto, akaenda kumtandikia kitini.