Maji Aliyochota Dada Tamali

Nyie wanawake wa jumuiya mlinisindikiza mpaka barabarani na kapu la ndizi, mkarudi mnasema bibi anakwenda kutembea kwao Mufindi. Sikwenda kutembea. Nilikwenda kutafuta mtu wa kusema kwamba nilipokuwa mtoto mchanga nilimwagiwa maji kichwani. Nawasimulia mwenyewe, maana nikiwaachia mtaongeza chumvi.

Sababu ni Baba Neema, mume wangu. Yule ni Mkatoliki wa kuzaliwa, mimi Mlutheri. Alinioa kimila, ng'ombe zikatoka, kanisani hatukuenda. Tangu hapo hapokei komunyo. Miaka arobaini na kitu, wenzake wakiinuka kupanga foleni, yeye anakunja miguu kwenye benchi ili wapite. Hajalalamika hata siku moja. Mwaka jana katoka kulazwa, kifua kinachomsumbua siku zote, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, "Mama Neema, ningependa na mimi siku moja nipite."

Basi nikaenda kwa padri. Padri akasema naweza kubaki Mlutheri, ndoa ikafungwa kwa ruhusa. Nikamwambia mimi nikifika mlangoni kwa watu huwa naingia ndani.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwenye mafundisho ya watu wazima niliona wale wasiobatizwa wameandaliwa nguo nyeupe na kumwagiwa maji mbele ya watu. Nikapenda. Nikanunua kitambaa cheupe. Katekista aliponiuliza kama nimebatizwa, nikasema bado. Miezi saba nakaa benchi la mbele na vijana wa bodaboda, najifunza Nasadiki. Zimebaki wiki tatu Pasaka ifike, katekista anaandika majina. Mnamjua anavyosema.

"Mama, tuko pamoja? Jina?"

"Raheli."

"Raheli. Tuko pamoja. Sasa hilo jina la Raheli, mama, kama hujabatizwa, ulipewa na nani?"

Wale vijana wa bodaboda wakaangalia juu, wanahesabu mabati.

Nikapelekwa kwa padri. Padri anaongea taratibu kama mtu anayepita karibu na kuku aliyeatamia. "Mama... maji ya Walutheri... ni maji. Ubatizo ni mmoja. Hatumbatizi mtu mara mbili." Nikamwomba anibatize kidogo tu. Akakataa. Akataka cheti, na kama hakuna cheti, mtu aliyeona kwa macho yake. Bila hivyo siandikwi, ndoa haifungwi, na Baba Neema anaendelea kukunja miguu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi ya Mbeya. Konda ananiita, "Bibi Dar, Dar bibi!" Nikamwambia Dar sina kesi, nishushe Mafinga. Tukateremka mpaka bonde la Usangu, joto, ng'ombe za Wasukuma zimejaa kando ya lami, nikavua sweta. Makambako nikavaa sweta. Baada ya hapo nikavaa na khanga ya pili.

Saa nane mchana, Mafinga. Nikachukua bodaboda, tukaingia kwenye msitu wa misindano, miti ya mbao, mbele yetu lori la magogo linakwenda Mgololo kiwandani, linatutemea matope. Kijana ananiuliza, "Bibi unaogopa?" Nikasema ninayemwogopa ni ninayekwenda kwake.

Ni dada yangu Tamali. Ni mzee wa kanisa, wa Kilutheri, na tangu asikie nimeanza mafundisho hapokei simu yangu.

Nilianzia kwa mchungaji, nikidhani nitakwepa. Kijana mstaarabu. Akanionyesha kitabu cha zamani cha ubatizo: upepo uliezua bati mwaka fulani, mvua ikaingia, kurasa zimegandana kama ugali wa jana. "Lakini mama, mashahidi si wapo? Mama Tamali yupo." Akachukua karatasi na kalamu, akanifuata. Nadhani alitaka kuona.

Saa kumi na moja jioni tukamkuta dada jikoni, anakoka moto.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Nani huyo? Mimi sina ndugu Mbeya. Nilikuwa naye, kahama."

"Nimekuja unisemee kwamba nilibatizwa."

"Ili iweje?"

"Padri anataka."

"Aah! Anataka ajue pa kusugua." Dada anaongea kama anayekata kuni, neno moja, pumzi, neno lingine. "Maji nilichota mimi. Kijitoni. Asubuhi, baridi, nina miaka tisa. Leo yamekuwa machafu? Wakuoshe upya wanavyotaka. Mimi sisemi kitu."

"Hawataki kuniosha."

"Kwa nini?"

"Nimewaomba. Wamekataa."

Dada akaacha kupuliza moto. "Wamekataa?"

"Padri kasema maji yenu yalitosha."

Mchungaji akainamia karatasi yake. Dada akakaa kwenye kigoda.

"Sema alivyosema. Kwa sauti yake."

Nikasema. "Mama... maji ya Walutheri... ni maji."

"Rudia."

Nikarudia. Akaenda mlangoni akamwita jirani, mama mmoja Mkatoliki wamezozana naye miaka mingi kuhusu mpaka wa shamba na Bikira Maria. "Njoo usikie padri wenu anavyosema!" Nikawa padri mara nne. Mara ya tano kwa mume wa jirani, alichelewa.

Ndipo dada akamwambia mchungaji, "Andika." Akasema aliona, akataja aliyenibeba, akalazimisha iandikwe kwamba maji alichota yeye na yalikuwa safi. Akaweka dole gumba, akalikandamiza mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Asubuhi alinisindikiza mpaka barabarani. Bodaboda ilipowaka akasema, "Mwambie Baba Neema apone." Hajawahi kumtaja kwa jina lolote zaidi ya "yule."

Nilirudi Mbeya siku hiyo hiyo. Padri alisoma karatasi mara mbili, akafika kwenye maji safi, akakohoa, akaiweka kwenye faili. Tukaungama wote wawili. Mimi nilikuwa na ule uongo wa kitambaa. Baba Neema alitoka haraka sana, nikaudhika, mimi namjua ana ya kutosha.

Jumamosi ndoa, mashahidi wawili, dakika chache. Jumapili nikasimama mbele yenu nikasema nasadiki, nikapakwa mafuta, bila maji hata tone. Kitambaa nimeshona foronya.

Nilichojifunza safari hii ni kwamba nilihangaika kutafuta maji mapya kumbe yale ya kwanza yalikuwa hayajakauka. Na dada yangu ndiye aliyeyashika.

Wakati wa komunyo ulipofika, Baba Neema alikunja miguu ili watu wapite. Mazoea. Nikamgusa bega. Akaniangalia.

"Simama, mzee," nikamwambia. "Unawazibia watu njia."

Akasimama.