Mstari wa Mama Mkwe

Mume wangu alinipinga hadharani mara moja tu maishani, siku tuliyopigia kura nyumba ya mama yangu, nami nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka moto.

Tulikuwa Mukuju, miaka michache baada ya Uhuru. Mama, mjane, alikuwa bado na deni la mabati aliyokopa kwenye ushirika wetu wa pamba, na nguvu za kulima zilikuwa zimemwishia. Kaka yangu alitaka auze nyumba, alipe, ahamie kwake Busia. Mama hakutaka hata kusikia. Kamati ikaja na sheria mpya: ushirika umfutie mzee kama mama deni, umpe na posho kila mwezi, naye akae kwake mpaka afe, ndipo nyumba iwe ya ushirika. Wanachama ndio waamue.

Kura ilikuwa ya kupanga mistari mbele ya ghala, wanaokubali nyuma ya katibu, wanaokataa nyuma ya kaka yangu. Mama, ndani ya gomesi, gauni lake refu la kanisani, alitangulia nyuma ya katibu. Nikamfuata mbio. Kugeuka, namwona mume wangu upande wa kaka, pamoja na waume wa dada zangu watatu, wote wametazama chini. Asubuhi walikuwa wametuahidi kura zao. Sasa tulikuwa tumepungukiwa na watu wawili.

Nilimwendea nikamuuliza kama amehongwa.

"Mama mkwe iko kwa mstari ile," alinong'ona. "Na mstari iko mbili tu. Nimsukume na kifua?"

Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe, seuze kubanana naye kwenye mstari. Heshima hiyo tuliijua tangu utotoni, na siku ile, wakati wa kupanga kura, sisi wengine hakuna aliyeikumbuka. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Nikarudi kumweleza mama. Hakubishana. Alimwambia katibu, "Mimi natoka. Wakwe yangu wapite," akaenda zake nyumbani na kura yake akaiacha.

Wakwe wanne wakavuka uwanja haraka haraka, na kaka yangu mwenyewe akashindwa kuzuia kicheko. Tulishinda.

Mama aliishi mle miaka mingi, akimwita katibu kila bati lilipovuja, maana kesho nyumba ni ya ushirika. Nami kila nilipomkuta ameketi sebuleni kwake, niliwakumbuka waliomwachia nyumba ile: wanaume wanne ambao, kwa kumheshimu, hawakuwahi kukanyaga ndani yake.