Cherehani Iliyonukia Mnanaa

Mama mkubwa wangu, ninayeishi kwake, ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Saratani ilipompata hakulia. Alimuuliza daktari kama anaruhusiwa kutia vifungo huku dripu ya dawa ikishuka. Kilichomshinda ni kichefuchefu. Baada ya dripu ya pili alitapika siku tatu, na hata vidonge vya kuzuia kutapika alivyopewa havikufua dafu. Akatutangazia kwamba ya tatu haendi, na bado zilibaki nne. Baba mkubwa alimbembeleza mpaka akaishiwa maneno. Mimi nilijifungia chooni nikalia.

Nesi alikuwa amempa kichupa cha mafuta ya mnanaa: matone mawili kwenye pamba, avute pumzi taratibu, asinywe wala asijipake. Mama mkubwa alisema yeye si peremende. Akakitupa kwenye droo ya cherehani, kando ya kichupa cha mafuta ya mashine.

Sasa, baba mkubwa ana kawaida yake: kila Jumamosi anaitia mafuta cherehani ya mkewe. Jumamosi ile alikuwa na mafua, pua zimeziba, na miwani ameisahau kichwani. Akadondosha matone katika kila tundu, kwa ukarimu wake wote, akafuta mikono, akaenda zake.

Mchana mama mkubwa alikaa ajaribu kushona sketi moja tu ya shule. Alipoanza kukanyaga, mashine ikalalamika kama bawaba kavu na mnanaa ukajaa chumba kizima. Nilisimama mlangoni na ndoo, kwa mazoea. Haikuhitajika. Alimaliza sketi, akashika ya pili, kisha akauliza kama kuna chai na kipande cha mkate. Nilikimbilia jikoni nusura nianguke.

Alipofungua droo na kuelewa kilichotokea, alimwita mumewe. Nikajua leo patachimbika.

"Mzee, umeniulia mashine," alisema.

"Nimekosea, mke wangu. Nitaisafisha."

"Isafishe. Ila hicho kichupa nipe mimi."

Siku ya dripu ya tatu alitutangulia mlangoni, mkononi ana kijitambaa alichokipinda mwenyewe, matone mawili katikati. Kichefuchefu hakikuisha, tusidanganyane. Kilipungua hadi cha kuvumilika, na safari hii vidonge havikutoka na matapishi. Pale hospitalini alivuta pumzi taratibu, akamcheka baba mkubwa aliyekuwa anakoroma kwenye kiti, akamwahidi mama wa kiti cha pili kwamba atamshonea kijitambaa chake. Nilijawa na furaha mpaka nikashindwa kukaa.

Dripu ilipokwisha, nesi alichomoa sindano, akaanza kumsihi kwa upole asikate tamaa. Mama mkubwa hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameshatoa daftari lake la vipimo na penseli ya nyuma ya sikio.

"Ya nne ni tarehe ngapi?" aliuliza. "Niwapange wateja wangu."