Mkono wa Pili wa Irmtraud Kaluza

Katika idara ya rangi walizoea kumwita Traudel, ingawa jina lake kamili lilikuwa Irmtraud Kaluza, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuchora mistari. Ukiona pikipiki ya BMW iliyotoka kiwandani Spandau, Berlin, enzi zile, ina mstari mwembamba wa dhahabu ubavuni mwa tangi la petroli, ujue mstari ule haukubandikwa wala kupigwa chapa. Ulivutwa na mkono wa binadamu, kwa brashi ya nywele ndefu, pumzi zikiwa zimezuiwa kifuani.

Ufundi huo ulikuwa wa urithi. Baba yake, kule mji wa Ratibor, alichora mistari kwenye magari ya farasi. Vita vilimchukua baba, kisha vikaichukua Ratibor yenyewe, ikawa ya Poland, na Traudel akaingia Berlin akiwa msichana, yeye na mama yake na begi moja la nguo. Mama alifua nguo za watu. Binti alipata kazi kwenye karakana ya vigari vya watoto wachanga, akivipamba mistari, mpaka zilipokuja nakshi za kubandika na karakana ikafunga milango. Mama naye akafariki. Traudel hakuwa na mume wala mtoto, na alikuwa ameanza kujiona kama chombo kilichosahauliwa kabatini, pale aliposikia kwamba BMW imehamishia pikipiki zake Spandau na inatafuta watu wenye mkono mtulivu.

Siku hizo ukitaja pikipiki hizo, watu waliwafikiria polisi na wazee wa makoti marefu. Injini yake ilikuwa ya ukoo uleule tangu mwaka 1923: silinda mbili zimelala, moja kushoto na moja kulia, zimechomoza nje zipate upepo wa kuzipoza. Pistoni zake zilikwenda nje pamoja na kurudi ndani pamoja, hii ikituliza mtikisiko wa mwenzake. Gurudumu la nyuma halikuvutwa na cheni bali lilizungushwa na shafti iliyofichwa ndani ya bomba. Mashine ya kuaminika, kila mtu alikiri. Lakini kijana gani angeiota usingizini?

Basi mwaka 1973, injini ile ilipotimiza miaka hamsini, ikaja R 90 S. Wahandisi walikuwa wameipanua silinda, wakaifungia kabureta kubwa zenye pampu ndogo ya kutema petroli ya ziada mpandaji anapokoleza mafuta, wakaweka breki mbili za diski gurudumu la mbele, na juu ya taa wakaivika kikofia cha kukata upepo. Ilikimbia kilomita mia mbili kwa saa bila kuhema. Na rangi yake ilitakiwa ifanane na moshi: weusi ukififia taratibu mpaka kuwa fedha. Mpuliza rangi alitegemea jicho na mkono wake tu, kwa hiyo hapakuwa na matangi mawili yaliyofanana sawasawa. Tangi likishakauka, lilikuja kwa Traudel.

"Yule mpuliza rangi anamvika bwana harusi suti," msimamizi wao, Detlev Rohrbeck, alikuwa akiwaambia wageni. "Huyu mama anamfunga tai. Na tai ikipinda, nani ataitazama suti?" Rohrbeck alikuwa mtoto wa Berlin hasa, akikupenda alikutania, asipokupenda alikuamkia kwa adabu.

Majira ya baridi yaliyofuata, Traudel akienda kazini kwa baiskeli, gurudumu liliteleza kwenye barafu karibu na daraja. Akaangukia kiganja cha mkono wa kulia. Hospitalini wakamfunga hogo gumu jeupe la plasta toka vidoleni hadi kwenye kiwiko.

"Mfupa utaunga," daktari alimwambia. "Lakini wepesi wa vidole, mama, huo sikuahidi."

Alikaa nyumbani akiutazama mkono ule kama mtu anayemwuguza mgonjwa asiyemjua. Mgeni wake wa kwanza alikuwa Nazmiye Akbulut, mwanamke wa Kayseri, Uturuki, aliyekuwa akipiga msasa matangi kabla hayajapakwa rangi. Walikuwa hawajawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Nazmiye aliingia na sufuria ya supu ya dengu, akaiweka jikoni, akaanza kuosha vyombo bila kuombwa.

"Acha hivyo, utaniaibisha," Traudel alisema.

"Utaaibika vipi na mkono mmoja? Kaa chini ule, dada. Kazini wanafuta mistari yao na kuirudia kutwa nzima. Yule aliyekaa kwenye kiti chako, mistari yake ina ulevi."

Traudel akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Kisha akamtazama Nazmiye mikono: vidole virefu, vimezoea kupapasa bati na kukisikia kibonde ambacho jicho halikioni.

Jumatatu yake alimwendea Rohrbeck na hogo lake. "Nataka kumfundisha Nazmiye."

"Umepewa likizo ya ugonjwa na unakuja kiwandani? Kichwani hukuumia, una hakika?"

"Mkono ndio uliovunjika. Mdomo ni mzima."

"Huo najua," Rohrbeck akasema, na akaenda kuwatafutia kona yenye mwanga mzuri na matangi yaliyokataliwa.

Wapo waliomwonya. Mpuliza rangi mmoja alimvuta pembeni chumba cha kulia, akamwambia, "Traudel, unampa mwenzako kisu halafu unamwonyesha shingo. Akijua kazi, kiti kimekwenda." Hofu hiyo Traudel alikuwa nayo yeye mwenyewe. Alilala nayo na kuamka nayo. Lakini alihofia zaidi kwamba alichokiacha baba yake kingefia ndani ya lile hogo.

Nazmiye alikuwa na subira, ila alikuwa akisita pale tangi linapoanza kupinda kuelekea kwenye kiti. Alifika hapo, brashi ikasimama, mstari ukanenepa.

"Usiitazame kona, tazama unakokwenda," Traudel alisema. "Bega ndilo livute, siyo kidole."

"Bega langu halijui Kijerumani."

"Tena. Pole pole. Hapana, siyo hivyo. Lete hapa."

Akaipokonya brashi, akaichovya kwenye rangi, akaushusha mstari mzima toka shingo ya tangi hadi nyuma, akaipita kona bila kusimama. Alipoinua kichwa akamkuta Nazmiye ameduwaa.

"Dada Traudel," Nazmiye alisema, "huo mkono wa kushoto ulikuwa umeuficha wapi?"

Traudel aliutazama mkono wake ulioshika brashi. Mstari ulikuwa umenyooka, unang'aa, hauna kigugumizi. Akavuta kiti akakaa. Kumbukumbu ikamrudia polepole, kama harufu ya nyumba ya zamani: mwalimu wake wa darasa la kwanza akimfunga mkono wa kushoto kwa utepe kwenye mguu wa dawati, kila asubuhi, mpaka mkono wa kulia ulipojifunza kuandika. Hata nyumbani hakuna aliyelitaja tena jambo hilo. Alikuwa amezaliwa mashoto, na akaishi miaka yote hiyo bila kukumbuka.

"Ulikuwa umefungwa," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya watu bila yeye kujali.

Rohrbeck alikuja kuukagua mstari, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. "Kumbe wewe ni kama injini yenyewe," akasema. "Silinda upande huu, silinda upande huu. Na sisi siku zote tumekuendesha kwa moja."

Hogo lilipotolewa, mkono wa kulia ulirudi kazini, lakini haukurudi wote. Ulichoka upesi, ukakataa baadhi ya kona. Haikuwa kitu tena. Zamani alilazimika kuligeuza tangi na kujipinda kiuno ili aufikie ubavu wa pili. Sasa ubavu wa kulia aliupa mkono wa kulia, ubavu wa kushoto akaupa wa kushoto. Na kiti hakikwenda. Oda za R 90 S zilikuwa zimezidi, na ilikuwa njiani rangi mpya ya machungwa, inayofifia kuwa ya dhahabu, yenye mistari myekundu. Wachora mistari wawili walihitajika. Nazmiye akawekewa kiti chake mkabala na cha Traudel, wakawa wanafanya kazi wakitazamana, wakisemana kuhusu kahawa ya nani ni maji ya kunawia.

Kiangazi kimoja wenzake waligundua kwamba Traudel hajawahi kupanda hata moja ya pikipiki alizozipamba. Walilichukulia kama kashfa. Mjaribu pikipiki, bwana mmoja mwembamba aitwaye Ekkehard Motzkus, akampa koti la ngozi na helmeti, akampakia nyuma kwenye moja ya rangi ya machungwa.

"Nishike kiunoni, mama. Usinihurumie."

Injini ilipowaka, mashine nzima ilijitikisa upande mmoja kama ng'ombe anayeamka, kisha ikatulia. Walitoka mpaka barabara ya Avus, iliyonyooka katikati ya msitu, na Motzkus akakoleza mafuta. Traudel alihisi kiti kikimwinua, shafti ikisukuma kutoka chini, miti ikigeuka kuwa ukuta mmoja wa kijani. Alitarajia kuogopa. Badala yake alishangaa jinsi mashine ile ilivyotulia kadiri ilivyozidi kukimbia. Akachungulia juu ya bega la Motzkus, akauona mstari mwekundu kwenye tangi, wa mkono wake wa kushoto, umelala kimya katikati ya upepo wote ule.

Waliporudi, alishuka, akazunguka idara nzima akiwapa watu mkono. Alipomfikia Nazmiye hakuuachia mkono wake.

"Haya, nini tena?" Nazmiye aliuliza.

"Ile supu," Traudel alisema. "Sijakushukuru."

"Ilikuwa na chumvi nyingi."

"Ndiyo, ilikuwa nayo. Asante, mdogo wangu."

Wakavaa aproni zao, wakarudi kwenye viti. Matangi yalikuwa yakisubiri.