Mguu kwa Ndiyo, Mkono kwa Hapana

Kaka yangu alivuka daraja la Rusizi II kwenda Bukavu kutafuta vitambaa, wiki chache kabla ya vita vya kwanza vya Kongo, na hakurudi. Miaka ilipita, vita vya pili vikafuata, na baba bado alikuwa akiteremka darajani kila Ijumaa baada ya swala kuwauliza wanaovuka. Akirudi, mama alimtazama usoni, naye alisema habari ziko njiani. Ijumaa moja aliketi, akamwambia mama kwamba wakishakula ana neno naye. Hakumaliza sahani yake. Alianguka palepale mkekani, na alipozinduka hospitalini hakuweza kusema wala kuinua kidole. Kope zake zilifumba na kufumbua zenyewe tu. Tulimwomba apepese mara mbili, zikapepesa ovyo.

Tangu siku hiyo mama alikuwa na swali moja: lile neno lilikuwa nini? Alilifua pamoja na shuka, akalipika pamoja na maharagwe. Wageni walikuja kumjulia baba hali, wakazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba ni godoro. Mimi si mtu wa kuficha hasira. Wawili niliwaonyesha mlango.

Mwezi wa nane wa ugonjwa alikuja injinia aliyesikia habari za baba hospitalini. Alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Bukavu, akasomea Ulaya, na sasa alikuwa amerudi na kompyuta moja na betri ya gari, maana umeme wa Kamembe, mji wetu, anaujua. Alitueleza kwamba ubongo una umeme wake mdogo sana. Mtu akiwaza tu kusogeza mguu, umeme huo hubadilika mahali fulani kichwani. Akiwaza mkono, hubadilika mahali pengine. Nyaya zikigusa ngozi ya kichwa, kompyuta huona tofauti. Mguu ungekuwa ndiyo, mkono ungekuwa hapana. Ulaya jambo hilo lilikuwa limeshafanywa, alisema, lakini katika vyumba vya maprofesa. Yeye alitaka chombo ambacho mke angeweza kumvalisha mumewe kati ya kunywa chai na kuosha vyombo. Kwa maneno hayo nilimpenda.

Chombo chenyewe hakikuwa na huruma. Kofia yake ya mpira ilihitaji watu wawili kuivalisha, na ikivuliwa iliacha alama nyekundu kwenye paji la uso wa baba. Tena injinia alimwambia baba awaze kupiga mpira kwa mguu na kuuminya kwa mkono. Baba hakuwahi kucheza mpira hata siku moja. Nilimwambia injinia kwamba huyu ni fundi nguo, ampe kazi anayoijua: ndiyo iwe kukanyaga cherehani, hapana iwe kukata kwa mkasi. Kisha nilichukua kofia ya baba ya Ijumaa nikazishona nyaya kwa ndani, na vile vitundu vya tarizi vikawa njia ya kutilia dawa nyeupe inayoshikisha umeme. Baada ya majuma mawili, tukimwambia akanyage, nukta kwenye kioo cha kompyuta ilipanda. Tukimwambia akate, ilishuka. Si kila mara, lakini mara nyingi.

Siku ya maswali, injinia alimuuliza baba kama yeye ni fundi nguo. Nukta ikapanda. Akauliza kama anatusikia. Ikapanda. Mama hakungoja zamu yake. Aliinama sikioni mwa baba.

“Papa wa batoto, mutoto yetu iko muzima?”

Ikapanda.

Mama alitoka mbio kumwambia jirani. Injinia, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, akaendelea kupima. Alimuuliza baba kama yeye ni mwanamke. Ikapanda. Akamuuliza kama nyumba hii iko Ulaya. Ikapanda. Akaondoa vidole kwenye kompyuta, na mama aliporudi alimwambia kwa upole kwamba chombo kinaitikia ndiyo kwa kila kitu, asikiamini. Mama alimjibu kwamba labda kimeharibika baadaye, ila swali lake kililijibu vizuri.

Ningenyamaza. Lakini nilijua jambo ambalo injinia hakulijua. Baba hakuwahi kumwambia hapana mtu aliyefika mlangoni kwake. Mteja akileta kitambaa siku mbili kabla ya Idi, aliambiwa aje tu, “Ndiyo, kuya Ijumaa,” na huku vitambaa vya wenzake vimefika darini. Mafundi nguo wote ni hivyo, ila baba aliwapita. Kumkatalia mgeni aliyekuja kumhangaikia majuma mawili, ndani ya nyumba yake mwenyewe? Afadhali awe mwanamke.

Nilikaa na jambo hilo hadi kesho yake, na mama anaimba jikoni. Niliuogopa uso wake. Halafu nilimtazama baba nikawaza kwamba mtu huyu amengoja miezi minane kusema neno lake, na sasa adabu yake inamfunga mdomo mara ya pili, nami namwachia. Nilimvalisha baba kofia, nikamwita mama, kisha nikamwomba injinia akakae uani.

“Papa,” nilisema, “mugeni ametoka. Tuko siye tu, bantu ba nyumba. Uko mwanamuke?”

Nukta ilianguka mara moja. Mama alicheka, kisha nikaona kicheko kinamtoka usoni, maana amekwisha kuelewa. Nilimwambia halazimiki kuuliza tena. Aliuliza.

“Mutoto yetu iko muzima?”

Nukta ilisimama katikati kwa muda. Kisha ikashuka, na ikabaki chini.

Mama alimuuliza kama alipata habari hizo siku ile aliyoanguka. Ikashuka. Akamuuliza kama alijua tangu zamani. Ikapanda. Kumbe Ijumaa zote zile alikuwa akishuka darajani na kupanda bila la kuuliza, ili mama apate wiki moja zaidi. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Mama alichukua kitambaa akamfuta ile dawa kwenye paji la uso, polepole, kama anavyofutwa mtoto.

“Ulibeba huu muzigo peke yako,” alimwambia. “Tungebeba bawili.”

Tulikaa matanga siku tatu. Kitanda cha baba tulikileta sebuleni, na kila aliyeingia alikwenda kwanza kwake, akamshika mkono na kumpa pole ana kwa ana, kama anavyopewa baba wa marehemu. Injinia naye alikuja. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama tumvalishe baba ile kofia, apate kuwaitikia watu. Mama alimsikia. Akasema tumwache, mtu aliyefiwa na mwanawe hadaiwi jibu.