Faida na Hasara za Fleti ya Dada Yangu

Mwaka ule dada yangu alianza kushuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume, kama baharia. Ngazi zilikuwa kumi na tatu, na ya saba aliifanya kituo. Aliweka pale mto mdogo, miwani ya akiba na chupa ya maji, na kila asubuhi alikaa hapo akipumzisha magoti huku akitoa amri kwa watu walio chini. Watu walio chini walikuwa mimi.

Nyumba yenyewe iko Lozells, hapa Birmingham, katika safu ya nyumba zilizoshikana mtaa mzima, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Dada aliinunua zamani na marehemu mumewe, alipokuwa nesi wa zamu za usiku. Mimi ni mdogo wake kwa miaka sita. Nilikuja kumtembelea wiki mbili, miaka kumi na mmoja iliyopita. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Mimi sikupewa, kwa sababu ua wa dada wote umemwagwa saruji.

Sijawahi kukaa mahali pengine muda mrefu hivyo. Shule niliiacha darasa la sita, siku lori la nyanya liliposimama mbele ya geti na dereva akasema anaelekea mpakani. Nilitaka kuona mpaka unafananaje. Tangu hapo nimepika melini, nimepaka rangi mabweni, nimechunga mbuni, na kwa miezi mitano nilifagia kiwanda cha magari kule Longbridge kabla hakijafungwa. Kila kazi niliiacha nilipokwisha kuielewa.

Basi siku moja mpwa wangu, binti pekee wa dada, akaja na kijitabu chenye picha za wazee wanaocheka. Mpwa wangu amezaliwa hapahapa Birmingham. Kiswahili anakisikia chote lakini hukijibu kwa Kiingereza. Neno lake moja la Kiswahili ni "mjomba", nalo hulitumia akitaka nibebe kitu. Kijitabu kilieleza fleti za wazee wanaojitegemea: kila mtu na mlango wake, jiko lake, bafu lake, na chini sebule ya wote. Si nyumba ya kulelewa. Ni ya watu wanaoweza kujipikia ila hawataki tena kupanda ngazi. Na ilikuwa Longbridge, karibu na pale nilipofagia.

Chini ya ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo, palikuwa na jambo moja nililolisoma mara tatu. Fleti ya chumba kimoja ni ya mtu mmoja au mume na mke. Kaka hakutajwa.

"Twende pamoja," dada akaniambia. "Wewe ukisimama kwenye foleni ya posta unatoka ukijua nani kaachwa na mkewe. Nenda ukaulize. Andika faida upande huu, hasara upande ule. Na uandike ukweli."

"Lini nimekudanganya, dada?"

"Nianzie mwaka gani?"

Tulikwenda watatu, basi hadi mjini kisha treni. Dada alibeba thermosi ya chai na kopo la mandazi, maana huendi kwa watu mikono mitupu, hata kama watu wenyewe unawakagua. Meneja, mama mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni, alisema asante, haruhusiwi kupokea zawadi. Dada akamwambia mandazi si zawadi, ni mandazi. Meneja akala matatu.

Fleti ilikuwa chini kabisa, haina ngazi hata moja. Bafu halikuwa na kizingiti cha kuruka. Dirisha lilitazama bustani ndogo, na chumba kilikuwa na joto la sawasawa, si kama la Lozells ambako miguu huwa baridi na kichwa kinatoka jasho. Faida nikaziandika kwa herufi ndogo, kama maelezo ya dawa. Kisha nikaenda kutafuta hasara.

Nilimpata mzee Mwingereza akisoma gazeti kwenye sebule ya wote. Nikamwuliza ubaya wa mahali pale ni upi. Alifikiri sana, kisha akaninong'oneza kuwa ubaya ni viti. Hakuna kiti chenye jina, lakini kila kiti kina mwenyewe. Alipohamia alikalia kile cha karibu na redieta inayopasha chumba joto, na bibi mwenye nacho hajamsalimia mpaka leo. Nikaandika: VITI. Mzee mwingine akanieleza kuwa mashine za kufulia zina zamu, na ukikosa siku yako utavaa ulicho nacho. Nikaandika: KUFUA JUMANNE TU. Herufi zilikuwa zinaanza kupendeza.

Nikarudi kwa dada. Alikuwa ameketi sebuleni hapohapo, upande wa pili, na meneja na mpwa wangu, nami nikaanza kumsomea karatasi yangu kwa Kiswahili. Sisi huku Birmingham tuna tabia hiyo. Tukitaka kusengenya mtu aliye mbele yetu, tunabadili lugha na kuendelea kutabasamu. Tumesifu na kuponda watu wengi namna hiyo, kwenye mabasi na hospitalini, tukiamini tuko chumbani peke yetu.

"Dada," nikasema nikimtabasamia meneja, "mahali hapa pana harufu ya dawa ya kuosha vyoo. Wazee wenyewe wanagombania viti kama watoto wa chekechea. Na yule bibi wa sweta ya zambarau pale pembeni, tangu tuingie anatukodolea macho tu. Utakaa na watu wa aina hiyo?"

"Amenyamaza, maskini," dada akasema. "Labda hasikii."

"Na jambo kubwa sijalitaja bado. Mgeni haruhusiwi kulala zaidi ya siku tano kwa mwezi! Siku tano! Tena umpe meneja taarifa. Hiyo ni nyumba au ni jela? Sisi ni watu wa kukatazana wageni?"

Bibi wa sweta ya zambarau akaweka chini vifaa vyake vya kufumia.

"Wewe bwana," akasema kwa Kiswahili, "ile ya wageni iko faida. Wewe naandika upande mbaya."

Nikaikunja karatasi yangu. Mpwa wangu, ambaye alikuwa amesikia kila neno, aliinamia simu yake mabega yakitikisika.

Bibi alikuwa Mhindi wa Kisumu. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa pale, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kifupi na kisicho na muda wa kupoteza. Alikuwa na miaka themanini na miwili.

"Shikamoo, mama," dada akasema haraka, akijaribu kuokoa jina la ukoo. "Tusamehe. Huyu ndugu yangu hakufunzwa."

"Mimi najua. Nasikia yeye tangu kule kwa mzee ya gazeti. Wewe lete chai."

Dada akanyoosha mgongo. Kwa miaka arobaini wodini yeye ndiye aliyekuwa akisema lete. "Mama, mimi si mpishi wa duka la baba yako."

"Basi mimi naleta vikombe, wewe namimina. Sawa?"

"Hiyo sawa."

Wakacheka wote wawili. Mimi nikahamishwa kiti, kwa sababu nilikuwa nimekalia cha mtu.

Bibi akamweleza dada habari ya wageni. Alipokuwa na nyumba kubwa, mtoto wa shemeji yake alikuja kutoka Leicester kwa wikendi na akakaa miezi minne. Akaleta na mchumba. Mchumba akaleta kasuku. "Mimi nasema nini? Mtu ya nyumbani huwezi kufukuza. Unapika tu." Sasa ile kanuni ya siku tano ameipeleka dukani ikatiwa plastiki, akaitundika karibu na mlango wake, usawa wa macho. Mtu akija na sanduku kubwa, bibi hasemi neno. Anamkaribisha ndani, anamwonyesha ukuta, na kusikitika pamoja naye.

Nilimtazama dada. Uso wake ulikuwa umelainika kama wa mtu aliyevuliwa viatu vilivyombana.

Kwenye treni ya kurudi, mpwa wangu akiwa amesimama mbali kidogo na simu yake, dada akaniambia:

"Unajua ni watu wangapi wamelala sebuleni kwangu?"

"Wengi."

"Watu walikuwa wanashuka ndege na anwani yangu mfukoni, wamepewa na mtu nisiyemjua. Kwaya nzima ililala pale, sauti ya pili ikakoroma kuliko ya kwanza. Yule msichana aliyekuja kwa wiki moja akajifungua mapacha. Msiba ukitokea nyumbani Kenya, mtu akifiwa na shangazi Nyeri, watu wanakuja kuomboleza kwangu, wiki nzima, na mimi na sufuria. Sijasema hapana hata siku moja. Mama hakutufundisha neno hilo, angelisikia angezimia. Nimechoka, bwana. Si magoti tu. Nataka karatasi iseme kwa niaba yangu."

Sikuwa na swali. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza tangu lile lori la nyanya. Nilikuwa nimedhani napima kati ya fleti na nyumba, na kwamba adui yangu ni ngazi kumi na tatu. Kumbe upande wa pili wa mizani nilikuwa nimeketi mimi mwenyewe, na masanduku yangu, na kopo langu la misumari ambalo dada huniambia kila Krismasi nilitupe.

Juma lililofuata fomu ikaja. Dada alinipa niijaze, kwa sababu mwandiko wake ni wa nesi na hakuna binadamu anayeusoma. Tulikaa jikoni. Jina, umri, dawa anazotumia, daktari wake. Kisha swali la ukurasa wa tatu: je, kuna mtu mwingine anayeishi nawe kwa sasa?

Nikalisoma kwa sauti. Dada akatazama saruji ya uani.

"Wewe unasemaje?" akaniuliza.

"Fomu haikuniuliza mimi."

"Nakuuliza mimi."

Nilitaka kumwambia hasara zote. Jumanne, viti, harufu. Nilitaka kumkumbusha nani humbadilishia balbu na nani humsimulia habari za mtaa anapokuwa ngazi ya saba. Lakini nilikuwa nimeona ule uso wake sebuleni Longbridge, na uso huo sikuwahi kuuona katika nyumba hii kwa miaka kumi na mmoja.

"Dada, mimi nilikuja kwa wiki mbili," nikasema. Nikaandika: Hapana.

Akaisoma mara mbili. "Utaenda wapi?"

"Kuna chumba Perry Barr. Karibu na stesheni."

"Umekipata lini?"

"Nitakipata kesho."

Akanipiga bega kwa kijitabu cha wazee wanaocheka. Kisha akasema, kwa sauti ile ya wodini: "Alhamisi utakuja kwangu kula. Kila Alhamisi. Unakuja Alhamisi na unaondoka Alhamisi. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Chumba cha Perry Barr kweli nilikipata, ingawa si kesho yake bali baada ya wiki tatu za kuuliza watu kwenye vituo vya basi. Dada akahamia Longbridge wakati wa baridi. Alhamisi nimekwenda zote isipokuwa moja. Siku hiyo nilikuwa kwenye mfereji kule mjini, nimempata mzee anayeishi ndani ya boti, nami nikataka kujua maji machafu anayapeleka wapi na je, boti nayo ina anwani ya posta. Hata saa sikuitazama. Simu ikalia mfukoni.

"Uko wapi?" dada akauliza.

"Kwenye boti."

"Leo siku gani?"

Nikahesabu kwa vidole.

"Nimepika kuku," akasema. "Nimekungoja, anapoa. Hivi ndivyo ulivyolelewa, kuchelewa kwa watu?"

Katika umri wangu wote sikuwahi kuchelewa popote. Ili uchelewe lazima kuna mtu anayekungoja, na mimi nilikuwa nimepanga maisha yangu vizuri sana asiwepo. Nikamwomba radhi dada, na mzee wa boti, na nikamwuliza njia ya mkato ya kwenda stesheni ni ipi. Aliielekeza kwa kirefu. Nikamkatiza, nikakimbia.