Mkebe wa Pete

Watu wakisikia kuna padri wa jeshi la anga wanacheka. Wanauliza, huyo anaungamisha ndege? Hata mimi nilicheka siku ya kwanza nilipomwona Padri Hubert, nyota za kapiteni mabegani na stola shingoni, akinyunyizia maji ya baraka ndege iliyopakia vitunguu vyangu. Nilimwambia jirani yangu, kama baraka inafika mpaka kwenye vitunguu, basi bei na ipande. Siku hizi sicheki, na anayecheka mbele yangu tunakosana.

Mimi ni Kaswera, Mnande wa Butembo. Kabla ya vita nilikuwa na duka la maharagwe, vitunguu na viazi karibu na lango la uwanja wa zamani wa ndege hapa Kisangani. Ndege za jeshi zilibeba mizigo ya wafanyabiashara zaidi kuliko zilivyobeba askari, na jambo hilo halikuwa siri kwa mtu. Jumapili niliimba kwaya katika kanisa la kambi, kibanda cha mabati nyuma ya karakana. Huko ndiko nilikomfahamu.

Padri Hubert alizaliwa kwenye maporomoko ya mto, kando ya mji huu, katika familia za wavuvi wanaotega vikapu vikubwa pale maji yanapochemka. Baba yake alichukuliwa na maji yeye akiwa mdogo. Kwao, mtu aliyemezwa na maporomoko haombolezwi mpaka kitu chake kionekane, mwili au hata kipande cha nguo. Kisipoonekana kitu hakuna matanga, na mke hanyolewi nywele wala halii kwa sauti. Cha baba yake hakikuonekana. Mama yake alikaa juu ya jiwe akitazama maji mpaka macho yakapofuka, akafa vilevile, si mke, si mjane. Padri alinisimulia haya tukichambua maharagwe ya sikukuu ya Pasaka, kama habari ya jana. Wako watu wanaoingia upadri kwa kuitwa na Mungu. Huyu, mimi nadhani alilikimbia lile jiwe.

Kazi ya padri wa jeshi, aumônier kama wanavyomwita kambini, si kubwa machoni pa watu. Hashiki bunduki. Anaungamisha, anazika, anamwombea ruhusa askari ambaye mtoto wake anaumwa, anaamua ugomvi wa wake za watu bombani. Taabu yake ni kuwa na mabwana wawili, askofu na komanda. Padri Hubert alipenda kusema kwamba bega moja ni la Mungu na la pili ni la serikali, na la serikali ndilo lililoshonwa vizuri zaidi.

Mapadri wa namna hiyo walikuja pamoja na ndege zenyewe, wakati wa Wabelgiji. Wazee wa kambi wanasema wa kwanza hapa alikuwa mzungu mwenye ndevu, na siku moja alimwona fundi akiruka chini kutoka mlango wa ndege, pete yake ya ndoa ikanasa kwenye msumari, kidole kikabaki juu. Tangu siku hiyo akaamuru kila mwenye pete aivue kabla ya kazi, amwachie yeye ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Wabelgiji wakaenda zao. Padri mwingine akaja, akauawa wakati wa uasi wa mwaka sitini na nne. Akaja mwingine tena. Mkebe ukabaki.

Mpaka zamu ya Hubert ilipofika, amri ile ya usalama ilikuwa imegeuka ibada. Kabla ya safari, sala fupi, kisha wanaume wanapita mmoja mmoja, pete inalia ndani ya mkebe. Wakirudi salama hawaendi nyumbani kwanza. Wanakwenda kanisani, kila mtu anachukua yake, ndipo anakwenda kwa mkewe. Na ndege isiporudi, padri mwenyewe anaitoa pete na kuipeleka nyumbani kwa mkono wake. Hahitaji kusema neno. Wanawake wa kambi wakimwona anatembea amekunja ngumi, kilio kinaanza kabla hajafika mlangoni.

Vita vilitoka mashariki mwishoni mwa mwaka tisini na sita. Mji ulijaa askari waliokimbia, wenye viatu na wasio na viatu, na marubani wazungu wa kukodiwa ambao hawakuvua kitu wala kusali. Ndege zilikwenda na risasi na kurudi na majeruhi. Vitunguu vyangu vilikwisha, na Padri Hubert alizika watu mpaka sauti ikamkauka.

Kulikuwa na fundi mmoja wa ndege, Yannick, kijana wa miguu mirefu na mdomo usiotulia. Kila akipita dukani aliniambia, "Mama Kaswera, vitunguu yako inaliza hata moteri ya ndege!" Mkewe alikuwa Marceline, binti wa wavuvi wa Ubundu, juu ya mto huu huu, mwanamke mpole lakini mkaidi kama mlango uliovimba kwa mvua. Walikuwa na watoto wawili. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kambini, karibu kabisa na njia ya ndege.

Ndege ya Yannick ilitumwa Bafwasende na mchele na risasi, marubani wakiwa wale wazungu wasioacha pete. Haikurudi.

Komanda alimwita padri. Habari hizi padri alinieleza mwenyewe baadaye, akiwa na hasira ambayo sikujua kwamba anayo.

"Mon Père, ndege haikuanguka," komanda alisema. "Iko retard, imechelewa tu. Ukitoa pete moja mu ule mukebe, kesho hakuna mutu atapanda ndege. Umesikia?"

"Na bibi ya Yannick? Nimwambie nini?"

"Mwambie subira yavuta heri. C'est un ordre, ni amri."

Basi kila asubuhi baada ya misa Marceline alikuja mbele ya altare, mtoto mgongoni.

"Mon Père, pete ya Yannick iko wapi?"

"Iko mu mukebe, ma fille."

"Alors atakuya kuitwaa." Na anarudi nyumbani.

Mama yake, Mama Ursule, alituma ujumbe kutoka Ubundu kupitia wachuuzi wa samaki: lete watoto, kambi ya ndege ndiyo itakayopigwa kwanza. Alisema kweli, hata mtoto mdogo aliona hivyo. Lakini Marceline hakutikisika. Mke ambaye pete ya mumewe imo mkebeni hahami, ndivyo walivyofundishana kambini. Mume akirudi na pete yake kidoleni, atamkuta nani mlangoni? Nilimwambia, "Marceline, pete haina miguu, weye uko nayo. Enda kwa mama yako." Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Padri alimwona akirudi kwenye ile nyumba ya mwisho pamoja na watoto, kila siku, na alijua kwamba neno moja lake ndilo linalowafunga pale.

Siku moja Osée, dereva wa lori ambaye kwa miaka mingi aliniletea maharagwe kwa barabara ya mashariki, aliingia mjini na lori tupu lenye matundu ya risasi. Padri alikuwa dukani kwangu. Osée alisema ameona ndege imeungua ukingoni mwa msitu, upande huu wa Bafwasende.

"Uliona watu?" padri aliuliza.

"Niliona chuma, mon Père. Chuma na majivu."

"Hakuna mutu alitoka?"

"Batu ya pale banasema hapana. Hawakuona mutu."

Padri alishika meza yangu kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa najua anaona nini. Alikuwa anaona jiwe, na juu yake si mama yake tena, ni Marceline. Angeweza kungoja mtu wa pili aje na habari, angeweza kumtuma mtu. Mtoto wa watu wengine angengoja. Yule, mtoto wa mwanamke aliyezuiwa kulia mpaka akafa, hakuweza, na simlaumu, ingawa ziko siku namlaumu.

Kesho yake alitoka kanisani bila nyota zake mabegani, ngumi imekunjwa. Alipita mbele ya ofisi ya komanda mchana kweupe. Kilio kilianza bombani, kikamtangulia nyumba kwa nyumba, na alipofika mlango wa mwisho Marceline alikuwa tayari ameketi chini kwenye udongo. Padri alifungua mkono. Marceline alichukua pete, akaifumba kwenye kiganja, na ndipo alipolia, kwa sauti yote aliyoibana tangu ndege ipotee. Sikuwahi kusikia kilio kama kile. Na bado, Mungu anisamehe, nilifikiri: afadhali.

Tulimnyoa nywele. Pete aliitia kwenye uzi akaivaa shingoni. Matanga yalipokwisha alifunga virago, maana sasa hakuwa na wa kumngoja. Padri alimsindikiza, akavuka naye mto kwa pirogi, mtumbwi wa huku, mpaka ng'ambo ya pili ambako treni ya Ubundu, siku hizo, iliondoka inapopata mafuta. Alimbeba mtoto mdogo mpaka ndani ya behewa. Jioni alirudi akapita dukani, uso wake mwepesi kwa mara ya kwanza tangu vita vianze. Akaniomba kwanga, ule mkate wa muhogo, na mboga ya pondu, akala akamaliza. Komanda alikuwa ametishia kumshitaki, lakini hakujali. Aliamini amewatoa watu watatu motoni.

Vita havikuja kwa njia tuliyodhani. Vilipita Ubundu kwanza.

Kisha vikaja kwetu. Komanda yule aliyeogopa kwamba hakuna mtu atakayepanda ndege alipanda ya mwisho yeye mwenyewe, pamoja na friji yake na magodoro. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wakubwa hawa wakificha, kifo huwaumbua wengine. Padri alipewa nafasi, akakataa. Duka langu lilivunjwa na askari waliokuwa wakitulinda, siku moja kabla ya kufika wale waliokuja kutukomboa. Bomu liliangukia kambini, na nyumba ya mwisho, ya Marceline, ikabaki msingi tu. Padri alisimama mbele yake akafanya ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu. Nilimwona.

Mama Ursule alifika baada ya hapo, kwa miguu, akifuata reli. Alikuwa peke yake. Tulimkalisha, tukampa maji, akanywa, akasema mwenyewe.

"Batu balikuwa bengi sana ku mto. Bunduki ililia nyuma yetu. Pirogi ikajaa, ikageuka. Marceline alikuwa ndani na batoto wote wawili. Miye nilibaki ku kivuko."

Padri aliuliza kama walionekana.

"Hapana, mon Père. Maji imebeba."

Padri aliketi sakafuni, pale pale, na kanzu yake.

Sasa sikilizeni lililobaki. Ilikuwa asubuhi, nimetandaza mafungu machache ya mboga mbele ya duka langu lisilo na mlango, nikasikia mtu ananiita kwa furaha: "Mama Kaswera, vitunguu iko?" Niliinua macho. Amekonda, ndevu zimemjaa, mguu mmoja umefungwa matambara. Miguu ile mirefu. Nilisimama, nikakanyaga mafungu yangu mwenyewe. Alicheka akidhani ni mshangao wa furaha.

Ndege yao ilikuwa imetua msituni kwa nguvu. Walitoka kabla haijashika moto, wakaogopa pande zote mbili, wakaingia porini wasionekane na mtu, na hakika hawakuonekana. Wachimba dhahabu waliwaficha mpaka mguu wake ukaweza kukanyaga. Yote hayo aliyasema akitembea, maana hakusimama. Alikuwa anakwenda kanisani kwanza, kama walivyozoea, achukue pete yake ndipo aende kwa mkewe. Nilimfuata kwa sababu sikujua la kufanya.

Padri Hubert alikuwa anafagia chini ya mabati yaliyotobolewa. Alipomwona, ufagio ulimponyoka. Yannick alimkumbatia, akaenda mwenyewe altareni, akachukua mkebe, akautikisa. Haukulia.

"Mon Père, pete yangu iko wapi?"

Padri aliuokota ufagio, akauegemeza ukutani.

"Nilimupa Marceline."

Hakuna askari wa anga asiyejua maana ya maneno hayo. Yannick aliuweka mkebe polepole mahali pake.

"Donc miye nilishakufa," alisema. Kisha akauliza, "Na yeye? Iko wapi?"

Padri alimweleza yote, bila kujitetea na bila kuacha kitu: Osée, majivu, ngumi, treni, mto. Nilitamani Yannick ampige. Nadhani padri naye alitamani. Lakini alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu, mto wa Ubundu unashukia wapi. Na padri, ambaye alizaliwa kando ya mto huo, akamjibu kwamba unashukia kwenye maporomoko, kwao.

Sasa Yannick yuko huko. Ndugu za padri wanamwacha akae juu ya mawe wanapotega vikapu. Padri hana nyota tena, jeshi jipya lina mapadri wake, na mkebe sijui nani aliuchukua. Siku za mwanzo alimwomba Yannick wafanye misa ya wafu, na matanga, apumzike. Yannick alimuuliza, "Kitu kilionekana?" Padri akasema hapana. "Alors hakuna matanga, mon Père. Ni sheria ya kwenu." Padri hakuomba tena. Kila mara yeye huenda kukaa naye, na mimi nikipata nauli nawapelekea kwanga. Wavuvi wanavuta vikapu, samaki wanarukaruka ndani. Kila kikapu kinapotoka majini Yannick anasimama, anatazama ndani, kisha anakaa tena.